Hondohondo Ukutani: Maswali Yenu Kuhusu Picha za Kale za Ndege

Nimenunua picha ya hondohondo Mji wa Kale, Mombasa. Muuzaji ameapa rangi ilipakwa kwa mkono. Nitahakikishaje? (Msomaji, Kizingo)

Kiapo kiweke kando, tafuta kioo cha kukuzia mara 10 na uende dirishani. Ukiona vinukta vimejipanga safu safu, hiyo ni ya mashine ya juzi. Vikitawanyika ovyo kama mchanga, huenda ni chapa ya mawe, yaani picha iliyochapwa kwa mawe bapa, kila rangi na jiwe lake: ya zamani, lakini si ya mkono. Rangi ya mkono imetandaa kama maji, imekolea ukingoni ilipokaukia, na hapa na pale imevuka mstari mweusi wa unyoya. Inamisha karatasi: jicho likimeta peke yake, aghalabu ni gundi ya mgunga iliyopakwa juu.

Ila wapo wanaopaka rangi leo juu ya chapa kuukuu ya wino mweusi tu. Basi geuza nyuma. Kijani cha kale cha shaba mara nyingi hula karatasi, kikaacha kivuli cha kahawia nyuma ya majani. Kivuli hicho hakiji kwa wiki moja.

Kifua cheupe cha tai kimekuwa cheusi. Ni uchafu?

Sidhani. Rangi nyeupe ya madini ya risasi ikikutana na gesi yenye salfa hugeuka nyeusi. Usifute, hiyo ni kazi ya mhifadhi wa karatasi.

Kuna madoa kama kutu pembeni. Nisugue kwa limau? (Msomaji, Tudor)

Hata kidogo! Limau ni asidi, na rangi hizi ni za maji: tone moja tu, buluu ya bawa inahamia angani. Madoa yaliyopo yaache, zuia mengine kwa kuepuka unyevu.

Fremu je, kwa hali yetu ya hewa?

Tumia kadibodi isiyo na asidi mbele na nyuma. Ile ya mbele, iliyokatwa dirisha la kuonyesha picha, iwe na unene wa milimita 2 hivi, kioo kisiguse rangi. Kikigusa, kikitoa jasho huikamata. Shikiza picha upande wa juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Selotepu huacha doa la manjano lisilotoka.

Ukuta wa nje wa nyumba ya matumbawe hunywa maji masika yote. Tundika ukuta wa ndani, na ubandike vipande vya kizibo vya sentimita 1 nyuma ya fremu hewa ipite. Kila miezi 6 ishushe uikague: wale wadudu wa rangi ya fedha wanaokimbia gizani hupenda wanga kuliko sisi.