Protini G ilinipa sapu, konda akanitoa

Mwaka wa kwanza nilikamatwa na sapu (mtihani wa marudio) ya fiziolojia, somo la jinsi mwili unavyofanya kazi. Swali lililonimaliza: eleza jinsi asetilikolini, kemikali inayobeba ujumbe wa neva, inavyopunguza mapigo ya moyo. Majina nilikuwa nimeyameza yote, nikaandika kwamba asetilikolini inafungua chaneli ya potasiamu, yaani mlango wa potasiamu kwenye ukuta wa seli, basi. Sikuambulia kitu, hata nusu maksi ya huruma.

Kilichonifungua macho ni daladala ya Mbagala. Abiria wa nyuma kapaza sauti, "Shusha!" Konda kagonga bodi, dereva kakanyaga breki. Abiria breki hata hajaiona.

Asetilikolini ndiyo abiria huyo. Inatoka kwenye neva ya vagasi, inanasa kwenye kipokezi M2, protini inayopokea ujumbe upande wa nje wa seli ya moyo, na ndani haiingii. Kipokezi kinabadilika umbo na kuifanya protini G, iliyo upande wa ndani na ndiyo konda wetu, iachie GDP na kushika GTP, molekuli mbili ndogo: ikishika GDP imezimwa, ikishika GTP imewashwa. Hapo inaachana vipande viwili: alfa huku, beta-gama kule. Tunaoteleza tunateleza hapa. Inayoishika chaneli na kuifungua ni beta-gama. Mimi nilidhani ni alfa, na sikuwa peke yangu: mtafiti Logothetis na wenzake walipoandika mwaka 1987 kwamba ni beta-gama, wapo mabingwa waliowabishia kwa miaka. Chaneli ikishafunguka, potasiamu inatoka, ndani ya seli panazidi kuwa hasi, na seli zinazoanzisha mapigo zinachelewa kufyatua.

Kwa hiyo unaposoma, weka kidole kwenye mchoro, usisogee hatua mpaka ujue nani kamgusa nani. Halafu uliza nani anazima, maana watunga mitihani wanalipenda hilo. Alfa yenyewe inaikata GTP ikawa GDP, inarudiana na beta-gama, chaneli inafunga. Adrenalini isikuchanganye: kwake ni alfa ya protini G ya aina nyingine, Gs, inayoamsha kimeng'enya cha kutengeneza AMP ya mzunguko, molekuli inayobeba ujumbe ndani ya seli, njia ndefu zaidi, na mapigo yanapanda.

Nilipomweleza mwenzangu wa chumbani habari za konda, akacheka: "We nawe, konda gani huyo anayegawanyika vipande viwili?" Sikuwa na jibu. Nikachukua penseli, nikamchorea alfa na beta-gama nyuma ya daftari lake.