Umekosea kitabu au umekosea watu?

Mwanangu,

Hapa hatujambo. Mama yako ni goti tu linamsumbua akiamka, likishapata jua linatulia. Ujumbe wako niliusoma mara mbili, na mara ya pili nikacheka peke yangu mpaka akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Unasema umeanza kuwasomea watu wa nyumbani kwako riwaya ya upelelezi baada ya chakula cha usiku, ukachagua Mzimu wa Watu wa Kale kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nikiwasomea ninyi mlipokuwa wadogo. Matokeo yake mkwe wangu anasinzia, kijana wako mkubwa anauliza risasi zitaanza lini, mzazi mwenzangu anasema mizimu si ya kufanyia mchezo, na ni huyu kitindamimba peke yake anayedai sura nyingine. Halafu unaniuliza: "Baba, nimekosea kitabu au nimekosea watu?"

Kitabu hukukosea, na watu wako hawana kosa. Umewapakulia sinia moja tu.

Tumezoea kusema "riwaya za upelelezi" kana kwamba zote ni mamoja. Kuna inayouliza nani kafanya. Jambo limeshatokea, maiti ipo, kilichobaki ni kuwahoji watu na kupima maneno yao. Na kuna inayouliza huyu bwana atatokaje hapa. Adui anajulikana mapema, mlango umefungwa kwa nje, nawe unafunua kurasa na vidole vinatoka jasho. Msomaji wa ile ya kwanza anataka aachwe afikiri. Wa hii ya pili anataka akimbizwe. Ukimpa mmoja kitabu cha mwenzake atalala, au atakuuliza risasi zitaanza lini.

Bwana Msa, mpelelezi wa Mzimu wa Watu wa Kale, ni wa kufikiri. Muhammed Said Abdulla alipata nacho kitabu hicho tuzo ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya 1957/58, kikachapishwa 1960. Lakini kinachonifurahisha mimi kuliko tuzo ni kwamba kabla hajawa mhariri wa magazeti, mzee yule alifanya kazi miaka kumi kama mkaguzi katika idara ya afya kule Unguja. Bwana afya! Nawe unamjua bwana afya anavyoingia uani kwa watu. Hana haraka. Anafunua mtungi, anainamia mfereji, anauliza swali la kipuuzi kuhusu ndoo, mwenye nyumba anajibu bila kuwaza, naye anaandika. Msome Bwana Msa na kiko chake huku ukimwona bwana afya, uone kama hadithi haibadiliki. Hayo ni yangu, sikuyasoma popote.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu usimkatize. Akisema mizimu si mchezo, anasema wanayoyasema watu wa mle kitabuni, wanaokutana na kifo pale mzimuni wakaanza kuwatazama wafu badala ya kuwatazama walio hai. Muulize: mama, ungekuwa jirani wa watu hawa, ungemshuku nani? Mtu mzima aliyekaa mtaani miaka hamsini, akajua nani ana deni na nani ana kinyongo, hashindwi na Inspekta Seif, yule polisi wa mle kitabuni. Nadhani huyo ndiye msomaji wako bora hapo nyumbani, na wewe ulikuwa unataka kumnyamazisha.

Kijana mpe vitabu vya jasusi Willy Gamba. Kwa umri wake wa miaka kumi na saba ni sawa, ila mdogo wake asiviguse kwanza, maana mna damu, mna pombe na mna mabibi wasiovaa sana. Elvis Musiba alianza na Kufa na Kupona, 1974. Willy anatumwa Nairobi kufuatilia nyaraka za wapigania uhuru zilizoibwa. Kikosi cha Kisasi kinampeleka Kinshasa. Kaa naye kidogo umweleze kilichokuwapo, kwa sababu yeye ataona risasi tu. Miaka hiyo Kamati ya Ukombozi ya Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Msumbiji, Angola, Rhodesia ambayo leo ni Zimbabwe, yote hayo tulikuwa tukiyasikia redioni kila jioni. Sisi vijana tulipomsoma Willy hatukuona ni mambo ya kubuni kabisa, tulihisi labda yule abiria wa daraja la pili aliyeshika mkoba bila kuuachia naye ana safari ya namna hiyo. Nilikuwa karani wa mizigo stesheni, basi nilikuwa na mikoba mingi ya kuishuku.

Na hadithi zake za simuni, zile zinazokatwa pale mtu anapofungua mlango halafu "itaendelea kesho", usimgombeze. Sisi tulikuwa nazo magazetini, tena ya kwetu ilikuwa "wiki ijayo", na wiki ijayo mara nyingine gazeti halikufika.

Mkwe wangu simlaumu. Mtu aliyeshinda chini ya magari tangu asubuhi, umlaze kwenye kochi, umsomee kwa sauti ya upole, asisinzie ana nini? Lakini fundi ndiye anayeijua kazi hii. Gari linaletwa linagonga, mwenyewe anasema limeanza jana, fundi anasikiliza na kujua limeanza mwezi uliopita na mwenye gari anaficha kitu. Mwambie asome mwenyewe Jumapili kabla jua halijawa kali. Mpe Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya 1965. Ni kitabu chembamba, na hakina maneno mengi ya kuzunguka. Akikiacha katikati, mwache. Hakuna aliyeapishwa.

Huyu mdogo wa miaka kumi na moja ndiye wa kuchezwa naye. Yeye bado yumo kwenye kitendawili, tega. Anayeshindwa anatoa mji, na mtegaji anauzunguka mji mzima kwa maringo kabla hajasema jibu. Fanya hivyohivyo na riwaya. Kabla ya sura mbili za mwisho funga kitabu, mpe karatasi aandike jina la mhalifu na sababu yake, muiweke ndani ya Kurani tukufu au kabatini kwenye vyombo vya wageni, popote pasipoguswa. Mkimaliza ifungueni. Akikosea, atoe mji. Akipata, utoe wewe, tena usimpe mji mdogo.

Wewe mwenyewe hukuniambia unapenda nini, nami najua. Ulipokuwa kidato cha pili nilikuta kitabu cha mpelelezi Joram Kiango chini ya godoro lako, kimefunikwa gazeti kama daftari la hesabu. Mama yako alitaka nikuite. Nilikichukua ukiwa umelala, nikasoma mpaka saa nane usiku, nikakirudisha palepale. Nilifanya hivyo siku tatu. Siku ya nne ulikuwa umemrudishia mwenyewe, nami nilikuwa sijamaliza, na sikuweza kukuuliza Joram na mwenzake Nuru waliishia wapi. Ben Mtobwa, mtunzi wao, alinitesa sana wiki ile.

Jambo moja zaidi. Naleta kitabu kwa basi la Ijumaa, kimo ndani ya kiroba cha karanga, mwambie kondakta ni cha karanga tu. Sikitaji jina, utakiona. Nilikinunua kikuukuu kando ya stesheni, na mwenye nacho wa kwanza alikuwa amepiga duara la penseli kwenye jina la mtu mmoja ukurasa wa kumi na nane, pembeni kaandika: "HUYU NDIYE." Nilikasirika nusura nikitupe. Nikasoma nimenuna, kila huyo mtu akisema neno nasema aa, mwongo mkubwa, akicheka namwona anachekea maiti. Nikamshuku mpaka chai aliyowapa wageni. Nikafika mwisho, kumbe siye! Yule bwana wa penseli alikuwa anabahatisha tu, na hakurudi kufuta.

Nimekisoma mara nne tangu hapo na ile duara bado inanivuta. Usiifute. Na usimwambie mtu yeyote hapo nyumbani niliyokuandikia kwenye aya hii, hasa mkwe wangu.

Baba yako