Mteja akiomba sheli, muulize kwanza anaenda kufanya nini

Wakuu, tuelewane kwanza, sheli ninayoongelea siyo ile ya mafuta pale Sakina, ni ile skrini nyeusi ya kuandika komandi kwenye seva. Mimi nahosti websaiti hapa Chuga (Arusha), wateja wangu wengi ni kampuni za utalii, na mwanzoni kila akaunti nilikuwa naiwashia sheli ya kawaida, si mtu kashalipa bana, sasa nimbanie nini.

Siku moja mteja wa Moshi kamleta fundi wake, dogo wala hakuhaki kitu, kaandika tu cat /etc/passwd, faili ambalo kwenye Linux mtumiaji yeyote analisoma, mle paswedi hazimo ila majina ya akaunti zote yamo, na mimi akaunti nilikuwa nazipa majina ya kampuni. Jioni bosi wake ananipigia, "Kumbe hata wale jamaa wa Njiro wanaotuibia wageni uko nao?" Nikacheka huku jasho linanitoka, maana nilishaanza kuwaza wp-config.php, faili la WordPress lenye paswedi ya database, ni wangapi wameliacha 777, yaani ruhusa ya kila mtu kulisoma na kuliandika, kisa plagini iligoma?

Usiku huohuo nikaingia WHM, ile paneli ya mwenye seva ya kusimamia akaunti zote za cPanel. Pale kuna machaguo matatu, sheli ya kawaida, sheli ya jela, na kuzima. Karibu wote nikawazimia na hakuna hata mmoja aliyepiga simu, ndo nikajua walikuwa hawaitumii. Wachache wanaotumia git na wp-cli, zana za komandi za kutunza kodi na kuendesha WordPress, nikawatia jela, wanafanya kazi zao vizuri tu ila folda za majirani hawazioni. Ya kawaida nimebaki nayo mwenyewe.

Siku hizi mtu akiomba namuuliza anataka kufanya nini, mara nyingi jibu ni kupandisha picha za simba, hapo SFTP, njia salama ya kuhamisha mafaili bila sheli, inamtosha. Kama una VPS, yaani seva ya kukodi unayoisimamia mwenyewe, tupu bila cPanel, tumia internal-sftp (inampa SFTP tu) na ChrootDirectory (inamfungia kwenye folda moja), ila hiyo folda ya juu lazima iwe ya root, yule mkuu wa seva, na mwingine asiweze kuandika humo, mimi niliimilikisha kwa mteja nikapoteza nusu siku, paswedi inakubali halafu unatemwa palepale.

Na jela isikudanganye, inamfunga anayeingia kwenye sheli kwa mbali (SSH), skripti ya PHP ya websaiti yake inapita nje ya jela kama kawaida. Hilo programu ya CageFS inalibana ila ni ya kulipia, bado najichanga, kwa sasa wp-config zote nimezipiga 600, mwenye faili tu ndo analisoma.