"Get" si "pata" tu, mkuu

Mkuu, umeuliza kwa nini ukifungua kamusi kutafuta "get" unakutana na ukurasa mzima wa maana, na kama kuna mkato wa kuzikariri. Mimi si mwalimu. Ni dereva wa watalii huku kaskazini, mwaka wa kumi na ushee sasa, na hakuna neno la Kiingereza lililowahi kuniaibisha kama hilo. Kuzikariri zote hutaweza. Nilijaribu, daftari ninalo mpaka leo.

Shuleni tuliambiwa "get" ni kupata, basi. Na kweli inakufikisha mbali: kupata barua, kupata kazi, kupata mafua, zote "get". Hata kwenye redio kol tukiitana porini "nakupata, nakupata", Mzungu naye anasema "I get you" akimaanisha amekuelewa. Ukiishia hapo utajiona umeiva.

Sasa sikia. Niko chini kabisa ndani ya kreta ya Ngorongoro na Mmarekani mmoja na mkewe. Bwana akauliza twiga wako wapi. Nikamwambia humu hakuna twiga, kuta ni kali na miti wanayokula ni haba, wao wako huko juu. Akatoa macho: "Get out of here!" Nikajua kimenuka, mtu kalipia hela ndefu na twiga hakuna, anataka tutoke. Nikawasha gari. Tumeshaanza kupanda ukingo ndipo mama akauliza mbona tunaondoka mapema hivi. Kumbe mzee alikuwa anasema "acha utani bwana!" Walicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka baadaye, maana ada ya kushusha gari kule si ya mchezo.

Kuanzia hapo nikaacha kuiuliza "get" maana yake. Nikawa naangalia kinachoifuata. Kikifuata kitu, mara nyingi ni kupata, kuleta au kuchukua, ingawa "I'll get the bill" mezani ni "nalipa mimi" (kuna mhudumu nilimwona anamsihi mgeni akae tu, bili ataletewa). Ikifuata hali, basi mtu anaingia kwenye hali hiyo, na sisi hapo tuna kitenzi kimoja tayari: "get tired" kuchoka, "get wet" kulowa, "get old" kuzeeka, "get lost" kupotea. Hiyo ya mwisho ukiambiwa usoni, unafukuzwa.

Ila utamu wenyewe uko hapa. Tarangire kuna mbung'o, na kila safari lazima mmoja apige kelele "I got bitten!" Nimeumwa. Gari likitoka gereji, "I got my car fixed", nimetengenezewa gari. Akikwapuliwa simu mjini, "I got my phone stolen", nimeibiwa simu. Angalia mikia ya vitenzi vyetu hapo: -wa, -ewa, -iwa. Mzigo ambao Mwingereza anaubebesha "get", sisi tunaubebesha mkia. Mtu anayejua kunyoa, kunyolewa na kunyolewa na fulani hana sababu ya kuiogopa "get". Tena sisi tunabana zaidi: kwao mume "got married", mke "got married", basi. Ukitafsiri, ni juu yako kujua nani kaoa na nani kaolewa.

Kupanda na kushuka nako kuna mtego. Gari dogo ni "get in" na "get out", basi, treni na ndege ni "get on" na "get off". Mimi najipimia hivi: chombo ambacho unaweza kusimama na kutembea ndani yake ni "on". Farasi na baiskeli pia "on", maana unakaa juu yake.

Halafu Mmarekani akisema "gotten" usimsahihishe. Nilimsahihisha mmoja, aibu ikanirudia. Kwao ni sawa kabisa, Uingereza ndiko wanakosema "got".

Na kwa taarifa tu, neno hilo Waingereza walilitoa kwa Waviking, "geta" ya Kinorse, lugha ya kale ya hao Waviking, ambayo nayo ni kupata. Ukoo wake umo ndani ya "forget", umo pia kwenye ile "begat" inayojirudia Mathayo sura ya kwanza katika Biblia ya King James ya 1611, fulani akamzaa fulani. Sisi si tunasema kapata mtoto?

Zinazobaki, "get over" (kupona au kusahau machungu), "get by" (kujikimu), "get away with" (kufanya kosa usiadhibiwe), hizo mkuu hazina ujanja. Kila moja ihesabu kama neno jipya, uikariri pamoja na kineno kinachoifuata. Leta sentensi zilizokukwamisha tuzichambue, mimi niko gereji mpaka saa kumi nasubiri springi.