Kilichokuleta kwenye unasihi: wasomaji wanauliza

Tuliwaomba wasomaji wanaofikiria kusomea unasihi, yaani ushauri nasaha wa kitaalamu, watuandikie kilichowasukuma. Barua zimezidi nafasi, tumechapa sita. Wanaojibu ni wanasihi wawili wa meza yetu ya afya ya akili. Mmoja wao husimamia wanafunzi walio kwenye mazoezi. Majina ya waandishi tumeyaondoa.

Shikamooni. Kaka yangu alijiua miaka miwili iliyopita. Tangu hapo nimeamua kusomea unasihi ili asitokee mwingine kama yeye. Dada zangu wanasema nakwenda kumtafuta marehemu darasani. Je, sababu yangu ni mbaya? — Msomaji, Morogoro

Marahaba, na pole sana kwa msiba. Sababu yako si mbaya. Ukilipitia darasa la unasihi siku ya kwanza utakuta wengi wameletwa na kitu kilichowauma: mzazi mlevi, ndoa iliyovunjika, mtoto aliyepotea, ugonjwa wao wenyewe. Sisi hatumkatai mtu kwa sababu ya maumivu yaliyomleta. Tunauliza kama yamepata mahali pa kuhudumiwa, maana yasipopata, mteja ndiye atakayeyahudumia bila kujua.

Kama maumivu bado ni kidonda au yameshakuwa kovu, hilo linapimika. Kaa na mtu unayemwamini, msimulie kifo cha kaka yako tangu simu uliyopigiwa hadi mazishi, bila kuruka kipande. Ukilia, si tatizo. Tatizo ni kama kuna mahali unaparuka kila mara, au ukimaliza hulali wala huli siku mbili tatu, au bado unamsaka wa kulaumiwa. Hapo kidonda hakijafunga.

Kikiwa wazi, kinachoharibika kwanza ni swali lenyewe la kujiua. Mnasihi aliyefiwa hivyo ama analiogopa neno, ama analisikia kila mahali. Anayeliogopa humwuliza mteja, "Lakini hujawaza mambo mabaya, sivyo?" Swali hilo limeshajijibu, mteja atasema hapana ili akupe raha. Linalofaa huulizwa wazi, kwa sauti ya kawaida: "Watu wakielemewa hivi, wengine hufikia kuwaza kujiua. Wewe umefika hapo?" Akisema ndiyo, endelea: mara ya mwisho ilikuwa lini, aliwaza kwa njia gani, kitu alichowaza kukitumia kiko wapi sasa hivi, nani atakuwa naye nyumbani usiku wa leo. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyelitaja. Akiwa na mpango na kitu kipo, haachwi peke yake hata kidogo. Ndugu anaitwa yeye akiwa bado kwenye kiti, kitu kinaondolewa nyumbani, na anafikishwa hospitali siku hiyo hiyo. Mwanafunzi ambaye sauti inamkatika kwenye swali la tatu hajashindwa kazi. Bado hajawa tayari kukaa na mteja huyo peke yake, basi.

Kinachofuata kuharibika ni mipaka. Unatoa namba yako binafsi, unapokea simu saa nane za usiku, kikao cha dakika 50 kinafika saa moja na nusu, kwa kuwa moyoni unaamini ukikata simu atakufa. Kisha mteja mmoja anaacha kuja bila kuaga, jambo la kawaida kabisa katika kazi hii, nawe unalia kama umezika tena.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, tafuta mnasihi wako wewe, ukae naye vikao 8 hadi 12 kwa ajili ya msiba huu tu. Siku ya kwanza ya mazoezi mweleze msimamizi wako habari ya kaka yako. Asije akaigundua mwenyewe baada ya kosa. Mwaka wa kwanza usipokee waliofiwa kwa njia hiyo, isipokuwa msimamizi awe anapitia nawe kila kikao. Na ile sentensi yako, "asitokee mwingine kama yeye," iandike upya mpaka iwe ahadi inayotimizika. Unaweza kuahidi kuuliza, kukaa na mtu, na kumfikisha penye msaada. Zaidi ya hapo utajibebesha vifo ambavyo si vyako.

Na kama mawazo ya kujiua yamekujia wewe pia, usisubiri vikao. Mwambie mmoja wa dada zako leo, mwende pamoja hospitali.

Tangu shule watu wananiletea shida zao. Hata abiria wa matatu ananisimulia ndoa yake. Nina kipaji cha kusikiliza. Kuna haja ya kusoma miaka yote hiyo? — Msomaji, Mombasa

Kipaji unacho, lakini tukipime. Chukua mazungumzo ya dakika 10 na rafiki anayelalamika, kisha kaa peke yako uhesabu: umeuliza mara ngapi, umetoa ushauri mara ngapi, umejitaja mwenyewe mara ngapi. Watu wengi wanaosifiwa kwa kusikiliza hugundua wametoa ushauri kabla ya dakika ya tatu.

Mtu anasema, "Mume wangu siku hizi harudi." Rafiki mwema atajibu, "Hata wangu alianza hivyo hivyo, mfuatilie." Mnasihi atasema, "Harudi," kisha atanyamaza. Kimya kile cha sekunde 10 ndicho kigumu kuliko vitabu vyote, na ndani yake mteja husema lililomleta hasa: kwamba yeye mwenyewe anaogopa arudi.

Lugha yetu nayo inatutega. Neno ushauri na neno nasaha yote mawili hubeba maana ya kumwambia mtu la kufanya, ndiyo maana mteja anaketi na kuuliza, "Haya, niambie." Mtaani tukisema "shauri yako" tunamtupa mtu mkono. Kwenye chumba cha unasihi maneno hayo huchukuliwa yalivyo: shauri ni lake kweli, nawe unakaa naye mpaka alifikie. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1957 kuhusu masharti ya mabadiliko ya mteja. Ya upande wa mnasihi yalikuwa kumwelewa mteja kutoka ndani ya hali yake, kumkubali bila masharti, na kuwa mkweli nafsini mwake. Kutoa jibu zuri hakumo.

Halafu jiulize ulianza lini kuwa kimbilio la watu. Mara nyingi jibu liko nyumbani: kifungua mimba aliyewapatanisha wazazi, mtoto aliyejua kusoma uso wa mama kabla ya salamu. Mtoto huyo alijifunza kwamba anapendwa akihitajika. Akiwa mnasihi bila kulijua hilo, mteja anapopona anahisi kuachwa, naye anaanza kutafuta sababu ya kikao kimoja zaidi. Mteja akikuambia, "Bila wewe nisingeishi," angalia kinachopita kifuani mwako. Kama ni raha tupu, lipeleke jambo hilo kwa msimamizi.

Nimeitwa kwenye usaili wa diploma ya unasihi. Najua wataniuliza kwa nini. Nijibu vipi? — Msomaji, Nakuru

Usiseme "napenda kusaidia watu" ukaishia hapo. Nesi anasaidia watu, askari wa zimamoto anasaidia watu, mwenye duka anayekopesha unga anasaidia watu. Msaili anataka kujua kwa nini umechagua kiti hiki na siyo kile.

Jibu lako lipite mahali pane: jambo moja lililotokea, kwa sentensi mbili, ulichofanya, mahali ulipofika ukomo, na kile unachotaka kujifunza kutokana na ukomo huo. Hapo kwenye ukomo ndipo waombaji wengi huparuka, na ndipo panaposhawishi. Linganisha. "Nilimsaidia jirani aliyekuwa na msongo wa mawazo mpaka akapona." Na hii: "Jirani alipofiwa mtoto nilikuwa nikimpelekea chai kila jioni. Wiki ya tatu akaacha kuzungumza, nami sikujua kama nikae au niondoke, na sikujua dalili zipi ni za majonzi na zipi ni za sonona." Ya pili inamwonyesha mtu anayefundishika.

Usimpe ndugu yako jina la ugonjwa ambalo hakupewa na daktari, wala usitoe siri ya mtu ili upate nafasi ya masomo; wasaili hulisikia hilo mara moja na huliona kama tone la kwanza la siri zitakazovuja baadaye. Kama uliwahi kuugua, unaweza kutaja, lakini si lazima ueleze kila kitu. Ukitakiwa kuandika barua, maneno 400 hadi 500 yanatosha.

Na wewe wahoji pia. Kenya ina Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 na bodi inayosajili watendaji. Kabla ya kulipa, uliza bodi kama kozi hiyo inakubalika kwa usajili, na uliza chuo saa ngapi za mazoezi na wateja halisi, na nani anasimamia. Chuo kinachokujibu kwa vipeperushi badala ya namba, kiache.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, pia mlezi wa ushauri nasaha shuleni. Nimechoka na chaki. Unasihi naona una utulivu na kipato. Ni dhambi kuufuata kwa ajili hiyo? — Msomaji, Mwanza

Kutaka kipato si dhambi. Anayeona haya kutaja malipo ndiye huishia kuwakasirikia wateja, kwa sababu anafanya kazi ya bure ambayo hakuichagua. Taja bei, muda, na utaratibu wa kuahirisha katika kikao cha kwanza, kwa maandishi.

Utulivu ndio unaokudanganya. Dakika 50 za kusikiliza na 10 za kuandika kumbukumbu, wateja watano kwa siku, na jioni huna hamu hata ya kuongea na watoto wako. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger alipoeleza mwaka 1974 kuhusu uchovu wa kuungua kazini, alikuwa akiwatazama watu wa kujitolea katika kliniki ya bure: waliochoka ni wale waliotoa kwa moyo. Ukiingia tayari umechoka, utaungua mapema. Pumzika kwanza, likizo nzima, ndipo uamue. Ukiamka bado unautaka unasihi, umepata jibu. Ukiamka unataka kulala tena, hilo nalo ni jibu.

Jambo jingine la pale pale shuleni: kama unashika fimbo asubuhi na kusikiliza siri mchana, wanafunzi hawatakuambia kitu. Omba uondolewe kwenye nidhamu.

Mwanangu alipata sonona chuoni, akatibiwa, yuko vizuri. Sasa anataka aache uhasibu asomee unasihi. Naogopa kusikiliza shida za watu kutamrudisha alikotoka. — Mama, Unguja

Shikamoo mama. Hofu yako ina msingi, lakini aliyepitia huwa anajua jambo ambalo kitabu hakisemi, kwa mfano jinsi kuoga kunavyoweza kuwa kazi ya siku nzima. Huko Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwakalisha mabibi wa mtaani kwenye benchi nje ya vituo vya afya, wakiwasikiliza watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, yaani kuwaza mno. Ujuzi wao wa maisha ulikuwa mtaji, ila hawakuachiwa ujuzi huo peke yake. Walifundishwa hatua za kutatua tatizo na wakasimamiwa.

Mwanao naye awe na vitu hivyo viwili, pamoja na makubaliano ya nyumbani. Mkae mwandike dalili zake za mwanzo zilivyokuwa: aliacha kula nini, alikuwa akiamka saa ngapi, simu za nani aliacha kuzipokea. Zikionekana tatu kwa wiki mbili mfululizo, anamwona daktari wake, na wateja wanapunguzwa. Dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita na alama 0 hadi 27. Akijipima kila mwezi ataona alama zikipanda kabla hajazama. Alama 10 na kuendelea ni za kupeleka kwa daktari, na akitia alama yoyote kwenye swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, asisubiri jumla. Kama yupo kwenye dawa, asiache kwa sababu amekuwa mtaalamu.

Lakini uhasibu asiutupe kwa mkupuo. Aanze na kozi fupi ya jioni.

Nitajijaribuje kabla ya kutoa ada ya miaka mitatu? — Msomaji, Arusha

Nenda mahali ambapo kazi yenyewe inafanyika, kwa miezi mitatu, saa nne kwa wiki. Kuna vikundi vya waliofiwa, kliniki za VVU zenye washauri, nyumba za upataji nafuu kwa walioacha pombe na dawa za kulevya, na huduma za simu kama 116 ya watoto, iliyopo Tanzania na Kenya. Uliza kama wanapokea na kufundisha watu wa kujitolea. Pasipo na msimamizi, usikae.

Zipo pia njia fupi zinazofundishwa watu wasio wataalamu. Shirika la Afya Duniani lina mpango uitwao Problem Management Plus, wa kumsaidia mtu kukabili matatizo yake, vikao vitano vya dakika 90, ambao ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, ukiendeshwa na wahudumu wa afya ya jamii waliofundishwa na kusimamiwa. Matokeo mazuri yalichapishwa mwaka 2017.

Kila ukitoka zamu, andika mistari miwili kwenye daftari: leo nimempa nini yule mtu, na leo nimepata nini kwake. Mstari wa pili ukiukuta mtupu kila siku, huandiki kweli. Ukiukuta umejaa shukrani zao na sifa zao, lete daftari kwa msimamizi kabla hujalipa chochote.