Kwa mlioanza kuhesabu matumbawe mwaka huu

Nimemaliza kupitia fomu za bamvua lililopita, zile siku za maji makubwa. Wadogo zangu, nawapenda, lakini haiwezekani nusu ya mwamba iwe imepauka mwezi wa nane, kusi inavuma, maji nyuzi 25 na nyinyi wenyewe mmetoka mnatetemeka. Basi nimekaa kuandika.

1. Cheupe si lazima kiwe kimepauka. Tumbawe lililopauka bado lina nyama: limewatoa wale mwani wadogo waliokuwa wakiishi ndani yake, nyama imebaki kama kioo na mfupa unaonekana kwa chini. Sogea, utaona polipu, vile vijidudu vinavyolijenga tumbawe. Lililokufa juzi halina nyama, ni chokaa tupu yenye makali, na baada ya siku chache linaanza kuota utando wa kijani. Na yale mabaka meupe kwenye Acropora za meza, matumbawe ya matawi yaliyotandaa kama meza, kuna aliyeinama kutazama chini yake? Mchana kiti cha pweza wa miiba, yule mwenye umbo la nyota, hujificha pale pale alipokula. Kama hayupo, tafuteni Drupella, konokono wadogo wanaojipanga mpakani, kati ya palipokufa na palipo hai. Ncha nyeupe za Acropora, jamani, ni pale inapokua! Kupauka kwetu ni mwisho wa kaskazi, Machi na Aprili, upepo ukilala na jua likibaki. Mwezi wa nane, kabla hujaandika P ya kupauka, uliza kwanza nani kala.

2. Penseli mbili, zote zimefungwa kamba. Imetosha.

3. Saa. Hapa nitakaa, maana nimeona fomu moja imeandikwa 3:00 na nyingine 09:00, na mlizama pamoja, mashua moja, mkashikana mikono.

Nilipokuwa kijana wa fildi kama nyinyi, tulikuwa tunatazama kupauka kunavyobadilika kwa kina. Mnajua utaratibu: saa ya kuzamia inakupa maji yaliyo juu ya kichwa chako wakati ule tu, kwa hiyo ili vituo vilingane unatoa kimo cha maji kwa kufuata jedwali la kujaa na kupwa. Kwetu Zanzibar, bamvua likiwa kubwa, maji hupanda na kushuka karibu mita nne. Mwenzangu aliandika 10:00. Mimi niliandika saa 4, kama nilivyofundishwa na mama yangu. Usiku, wakati wa kuingiza kwenye Excel, nikaiona ile 4, nikasema hakuna anayezama alfajiri, nikaisahihisha kuwa 16:00. Nilijiona nina akili.

Sasa fikirini. Tofauti ya saa yetu ya Kiswahili na ile ya kimataifa ni saa sita, na kutoka maji kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache. Ningekosea kwa saa moja au mbili, data ingeyumba kidogo. Hili liliipindua yote. Siku za bamvua, saa nne asubuhi maji yametoka. Saa kumi jioni yamejaa. Kila kituo changu nilikipunguzia mita tatu na zaidi za maji ambayo hayakuwepo. Matumbawe ya mita sita yakapanda hadi mita mbili na kitu. Kwa kuwa yale ya chini yalikuwa yamepauka kidogo tu, nikapata matokeo matamu ajabu: kumbe yaliyo karibu na uso wa bahari yanastahimili joto kuliko ya chini! Nikaanza kutunga kichwa cha makala.

Vituo vichache vilitoka na kina cha hasi, yaani matumbawe yameota hewani. Nikaandika "hitilafu ya kifaa", nikavifuta. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Kuandika saa ovyo ni uzembe, unasameheka. Lakini zile hasi zilikuwa zinanipigia kelele, nami nikazinyamazisha kwa sababu zinaniharibia grafu.

Aliyegundua ni nahodha wetu, mzee ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Nilikuwa namwonesha kwa majivuno, tarehe na saa zote zimepangwa vizuri. Akaniuliza, "Mwanangu, siku hiyo saa kumi jioni tulikuwa wapi?" Sikujibu. "Saa kumi mie nshaosha mashua, niko nyumbani. Mlizama saa nne, maji kavu, nikakataa kusogea mwambani, ukaninunia."

Alikuwa amesahau tarehe, ila kununa kwangu anakukumbuka. Nikarudi kwenye fomu, nikaingiza upya zote, nikarudisha na zile nilizozifuta. Matokeo yakawa yale yale yanayojulikana: ya juu yalipauka zaidi. Kumwambia msimamizi wangu ilikuwa safari ndefu kuliko ya kwenda kisiwa cha Bawe kwa ngalawa.

Kwa hiyo: saa 24, tarakimu nne. Na namba ya ajabu haifutwi mpaka ujue imetoka wapi.

4. Samaki. Mkishalaza futi ya kupimia, ondokeni kidogo, wapeni dakika kadhaa warudi. Pono wa kijani na wa kahawia mara nyingi ni spishi moja, umri na jinsia tofauti, msinizalishie spishi mpya. Kikande mwenye mistari msimruke hata akiwa mmoja: ndiye anayekula shokishoki wa baharini, wale wa duara wenye miiba, nao wakizidi hukwangua mwamba mpaka chokaa. Nendeni kisiwa cha Chumbe, kulikofungwa uvuvi tangu 1994, kisha mzame palipo wazi kwa uvuvi wiki hiyo hiyo. Baada ya hapo sitahitaji kueleza.

5. Juzi nilimwona mtu, anajijua, anapima afya ya tumbawe huku amekalia jirani yake. Punguza risasi za uzito kiunoni.

6. Fomu ziingizwe jioni ile ile, aliyeandika akiwepo. Joto la 1998 lilipoua matumbawe mengi upande huu wa Bahari ya Hindi, hasara ilijulikana kwa sababu kuna watu waliopima kabla, wakaandika vitu vinavyosomeka. Mwandiko wenu bado naufanyia utafiti.

Bamvua lijalo tunatoka 07:30. Nahodha kasema saa moja na nusu. Nimeigeuza mwenyewe, nikahakikisha mara mbili.