Kuku akikata mayai, usikimbilie kisu wala agroveti

Kila joto la kaskazi linapokolea swali huwa lile lile: "Mama, kuku wangu wamekata mayai, niwape dawa gani?" Anayeuliza keshapita agroveti, mkononi ana pakiti ya unga wa vitamini, na hajamshika kuku wake hata mmoja. Nyinyi mlioanza kufuga juzi juzi hapa Malindi, mitaa ya Maweni, Muyeye na Barani, nawapenda, na ndiyo maana nasema kwa ukali. Kuku hakati mayai bila sababu. Mara nyingi sababu hiyo iko kwenye maji, kwenye chakula au kwenye kiota, na huko pakiti haifiki.

1. Mshike kwanza. Ngoja jioni wakishapanda fito zao, mchukue mmoja mmoja taratibu. Papasa ile mifupa miwili myembamba iliyo chini ya mkia, pande mbili za tundu la kutagia. Vidole viwili au vitatu vikipita katikati, na tundu ni pana lenye unyevu, huyo anataga. Kikipita kimoja kwa taabu, na tundu ni kavu limekaza, huyo amesimama. Upanga wa kichwani nao hausemi uwongo: mwekundu ulionawiri ni wa mtagaji, uliopauka na kusinyaa ni wa aliyepumzika. Kuku wa miguu ya manjano ana alama nyingine zaidi, kwa sababu rangi ile huenda kwenye kiini cha yai. Anayetaga kwa muda hupauka tunduni, kisha mdomoni, na mwisho miguuni.

Watu wanaruka hatua hii kwa kuwa inachafua mikono. Ukiifanya utajua kama tatizo ni la kuku wote au la wawili tu, na pengine utajua kwamba hakuna aliyekata.

2. Jua unachokidai. Tembe wa kienyeji huanza kutaga akiwa na miezi 6 au 7, wale wa kuboreshwa miezi 5 hivi. Yai moja huchukua saa 24 hadi 26 kutengenezwa, ndiyo maana kila siku linatoka kwa kuchelewa kidogo, hadi ifike siku anaruka kabisa. Hiyo si kasoro. Na koo wa kienyeji akishataga 10 hadi 15 anataka kuatamia, ndivyo alivyoumbwa.

3. Tafuta mayai kabla ya kutafuta dawa. Hapa nitakaa, kwa sababu jambo hili limeniuma.

Mpwa wangu alianza na vifaranga, akawalea vizuri mno. Aliwachanja, akawajengea banda la miti na makuti nyuma ya nyumba, akawawekea masanduku ya kutagia yenye magunia laini ndani. Wakaanza kutaga, na mayai akawa anauza kwa majirani. Kisha kikapu kikaanza kupungua, leo matatu, kesho mawili, hadi asubuhi moja akarudi mikono mitupu. Akanunua unga wa vitamini. Akabadilisha chakula mara mbili ndani ya wiki moja, jambo ambalo peke yake linatosha kumvuruga kuku. Mtu mmoja wa kijiweni akamwambia hao ni tasa, anawalisha bure. Idi ilikuwa imekaribia, akaamua kuwachinja.

Mimi nilikuwa jikoni siku hiyo, napasua. Mkono ulipoingia tumboni mwa yule wa kwanza ukagusa kitu kigumu. Lilikuwa yai, na ganda lake zima, ambalo lingetagwa asubuhi ile ile. Nyuma yake kuna viini vimepangana kwa ukubwa, kutoka kile kilichokaribia kuiva hadi vidogo kama punje za mtama. Nikamwita kijana aje aone. Wa pili alikuwa keshachinjwa, naye tulipompasua tukakuta vivyo hivyo. Kijana aliinama akaviangalia vile viini muda mrefu bila neno, na nyama ile hakuigusa.

Waliobaki tuliwafungulia kesho yake saa tatu, siyo alfajiri kama alivyozoea, tukakaa kuwatazama. Mmoja hakupekua wala hakunywa maji. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye ua wa jirani, palipopangwa makuti ya kuezekea, akajipenyeza chini. Tulipoyainua tukakuta lundo la mayai. Mengine yalikuwa viza, mengine yametobolewa na kunguru, maana kunguru wa mji huu hawaachi yai wala kifaranga.

Sasa kwa nini kuku aache sanduku lenye gunia laini akatage uani kwa watu? Nikaingiza mkono kwenye sanduku, nikautoa unatembea. Utitiri hadi kwenye kiwiko. Usiku tukarudi na tochi, tukapitisha kitambaa cheupe chini ya fito za kulalia, kikatoka na vidoa vya damu. Mchana wadudu hawa wamejificha kwenye nyufa na ndani ya magunia, kwa hiyo ukikagua banda saa sita huoni kitu. Usiku wanamfyonza kuku aliyelala. Kuku anayefyonzwa hupauka, hutaga kidogo, na hicho kidogo anakwenda kukitaga mahali asipoumwa. Kuku walikuwa wamemwambia mpwa wangu kila kitu, ila yeye alikuwa anamsikiliza mtu wa kijiweni.

Dawa yake si ngumu. Magunia na nyasi za zamani zichomwe moto. Fito na masanduku yamwagiwe maji yanayochemka, hasa kwenye viungo. Nyunyiza dawa ya unga ya utitiri kama kibandiko chake kinavyosema, na urudie baada ya wiki moja, kwa sababu mayai ya wadudu yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa. Waachie pembeni shimo la mchanga mkavu na majivu wajigaragaze. Masanduku uyaweke penye kivuli, moja kwa kuku 4 au 5, na ubakishe yai moja la bandia ndani. Kwa muda, wafungie hadi saa nne asubuhi. Wengi watakuwa wameshataga. Wale waliobaki kwa mpwa wangu walirudi kutaga bandani.

Wenye viroboto waliogandana kuzunguka macho, wapakeni vaselini. Mafuta ya taa usoni mwa kiumbe hai sitaki kuyasikia.

4. Maji. Sehemu kubwa ya yai ni maji. Kuku anayetaga hunywa robo lita kwa siku au zaidi, na kwenye joto huhitaji hata mara mbili yake. Akikosa maji tangu asubuhi hadi magharibi, anaweza kusimama kutaga kwa siku kadhaa. Halafu kuna jambo la huku kwetu ambalo wageni wa ufugaji hawalijui. Maji ya mfereji yanayotoka Baricho yakikatika, tunachota kisimani, na visima vingi vya karibu na bahari ni vya chumvi. Sisi tunayafulia nguo, kuku tunawanywesha. Chumvi ile huharibu ganda: linakuwa jembamba, yai linavunjika ukilishika, na kinyesi kinakuwa maji maji. Wawekee kuku maji yale yale unayokunywa wewe. Vichwa vya ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi, pia virowekwe na kumwagwa maji yake kwanza, au wasipewe kabisa.

Joto lenyewe, likipita nyuzi 30, humfanya kuku ahemee mdomo wazi huku ametandaza mabawa. Anapohema hivyo anapoteza hewa ya kaboni ambayo mwili wake unaihitaji kutengeneza ganda, na chakula nacho hakigusi. Kwa hiyo mlishe alfajiri na jioni, mchana mwekee maji ya baridi kwenye chungu kivulini, na kama umeezeka mabati ya chini chini, weka makuti juu yake.

5. Machicha ya nazi. Wanangu, machicha si chakula cha kuku, ni kionjo. Nyumba nyingi hapa kila siku nazi inakunwa, tui linachujwa, machicha yanamwagiwa kuku pamoja na ukoko wa wali, na mama mwenye nyumba anaona amewashibisha. Kweli wameshiba. Lakini machicha ni mafuta na nyuzi, wali ni wanga, na yai linataka protini na madini. Kuku ananenepa hadi ukimshika tumbo unahisi mafuta yamejaa, na kutaga kunakata. Machicha yaliyolala tangu jana yakashika kuvu ni sumu, sawa na mahindi yenye kuvu.

Kuku mmoja anayetaga hutosheka na gramu 110 hadi 120 za mashi ya kutagia (chakula cha kusaga cha kuku wa mayai) kwa siku, yenye protini asilimia 16 au 17. Usimpe ya kukuzia ukidhani ni kitu kimoja, maana ile ina kalsiamu kidogo sana. Anayezurura mpe nusu yake jioni, na ongeza dagaa, matumbo ya samaki yaliyochemshwa bila chumvi, mchicha na majani ya kunde.

Ganda la yai karibu lote ni madini yenye kalsiamu, na sisi tunayakanyaga ufukweni bure! Okota makombe na maganda ya chaza, yaoshe kwa maji yasiyo na chumvi, yaanike, yatwange, uyaweke kwenye chombo chake peke yake ili kila kuku achukue anachohitaji. Chokaa ya kujengea iliyochomwa usiwape kamwe, inaunguza.

6. Anayeatamia bila mayai usimtumbukize kwenye ndoo ya maji. Ni ukatili na haisaidii. Mweke kwenye kizimba cha waya kilichoinuliwa, hewa ipite chini ya kifua chake, chakula na maji tele, siku 3 au 4. Ukitaka atage tena mapema baada ya kuangua, mtenge na vifaranga wakishapata joto lao kwingine.

7. Mnasoma kwamba kuku hukata mayai majira ya baridi kwa kukosa mwanga. Hiyo ni habari ya Ulaya. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, mchana wetu ni saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo taa si tatizo lako la kwanza. Anayenyonyoka manyoya muache miezi 2 au 3, mwongezee dagaa. Manyoya ni protini. Aliyepita miaka miwili atapungua tu, na kumuuza au kumla si dhambi.

8. Wakikata wote kwa pamoja, ghafla, na unasikia wanakoroma, kinyesi ni cha kijani, shingo zinapinda, achana na yote niliyosema hapo juu. Huenda hicho ni kideri, ugonjwa wa Newcastle. Usiuze mgonjwa, usiingize mgeni, mwite afisa wa mifugo. Na ukipewa dawa yoyote ya bakteria, mayai yasiliwe hadi siku zilizoandikwa kwenye kibandiko ziishe. Chanjo ya kideri kwa kienyeji hurudiwa kila miezi 3, kwa kuku wasio wagonjwa tu, na hubebwa kwenye barafu tangu dukani. Chupa nyingi ni za dozi 100 au zaidi, na ikishafunguliwa haiwekwi hadi mwezi ujao. Mwenye kuku watano hawezi kuimaliza peke yake, kwa hiyo changeni mtaa mzima, mchague asubuhi moja kabla hawajafunguliwa, mchanje banda kwa banda.